Kihori cha Ndege Kimegoma: Dalili, Sababu na Tiba

Kila likizo ya shule huwa nakaa na watoto wa mtaani kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, tukitengeneza vihori vya ndege: vyombo vidogo vya nafaka vinavyotundikwa mtini, vilivyokatwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kupikia, chupa ya soda au ungo uliochakaa. Kutengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Matatizo huanza mtoto akishafika nacho nyumbani, na ndipo wazazi hunipigia simu. "Mwalimu, hajaja ndege hata mmoja." "Mwalimu, kimejaa sisimizi." "Mwalimu, kinanuka." Simu hizo nimezipokea miaka kadhaa sasa. Malalamiko ni yale yale, na mengi yana mzizi mmoja: chakula kingi mno kwa wakati mmoja.

Maelekezo mengi yanayozunguka yametoka nchi za baridi, ambako theluji hufunika ardhi na ndege hukosa cha kula. Huko kihori hujazwa mpaka juu, na nafaka hupakwa mafuta ili zishikamane. Kwetu majani yana mbegu na miti ina matunda karibu mwaka mzima. Ndege wa Uganda hatakufa njaa kwa sababu hukumwekea ulezi. Kihori tunakiweka ili mtoto amwone ndege kwa karibu, na kwa kazi hiyo kiganja kimoja cha mtoto, asubuhi, kinatosha. Kinachobaki jioni hutolewa. Nitakirudia kipimo hiki mara nyingi, maana kila ninapokiacha tatizo hurudi.

Dalili nimezipanga kwa jinsi zinavyonifikia, inayolalamikiwa zaidi ikiwa mbele, na chini ya kila dalili sababu ya kawaida inatangulia.

Hakuna ndege anayekuja

Mara nyingi sababu ni haraka tu. Kihori ni kitu kigeni kwenye uwanja ambao ndege anaujua tawi kwa tawi. Atakitazama kwa siku kadhaa kabla ya kukisogelea. Vumilieni wiki mbili, hata tatu, na msikihamishe. Familia inayokihamisha kila baada ya siku mbili inamrudisha ndege mwanzo kila mara.

Kabla ya kusema hawaji, kagueni. Tazameni chini ya kihori na kwenye kingo zake: kuna maganda mepesi ya ulezi au mtama? Kuna kinyesi cheupe? Kama vipo, ndege wanakuja na ninyi hamwaoni. Wakati wao mkubwa wa kula ni kuanzia saa 12:30 mpaka saa 3 asubuhi, kisha tena kuanzia saa 10 jioni. Mtoto anayekaa dirishani saa 7 mchana, jua likiwaka, atasubiri bure.

Sababu ya pili ni mahali. Ndege mdogo hatui moja kwa moja kwenye chakula. Hutua kwanza kwenye tawi la jirani, hugeuza kichwa huku na huku akimtafuta mwewe angani, ndipo aruke. Kihori kilichotundikwa kwenye mti wa kuanikia nguo katikati ya uwanja mtupu hakimpi nafasi hiyo. Lakini kikibanwa ndani ya kichaka, paka atapata pa kujificha. Umbali wa mita mbili hadi tatu kutoka kwenye kichaka au ua wa michongoma unafaa, na urefu wa kimo cha mtu mzima kutoka chini. Kelele za bodaboda barabarani zisiwatie wasiwasi. Shomoro wa mjini wamezaliwa humo. Kinachowafukuza ni mtoto anayekimbilia kihori kila anapoona bawa. Mwambieni asimame hatua kumi na tano nyuma siku ya kwanza, kisha asogee hatua moja kila siku.

Sababu ya tatu ni chakula chenyewe. Punje nzima ya mahindi ni kubwa mno kwa mdomo wa shomoro au mnana. Wapeni chenga za mahindi, chenga za mchele, mtama au ulezi. Na si kila ndege ni wa nafaka. Shorewanda, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi anayeimba mapema asubuhi, pamoja na kuzumburu mwenye mkia mrefu kama wa panya, wanataka tunda. Kipande cha papai au ndizi mbivu kilichochomekwa kwenye msumari wa tawini kitawaleta upesi kuliko ulezi. Chozi, wale wadogo wanaometameta wenye mdomo uliopinda, wanataka maji matamu ya maua. Wengi huniuliza kuhusu kuwawekea maji ya sukari. Yanawezekana, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila asali wala rangi, yakibadilishwa kila siku. Lakini kwa nyumba yenye watoto siyashauri, kwa sababu ya nyuki, na nitawafikia nyuki hapo chini. Pandeni mshubiri karibu na dirisha, au mwonyesheni mtoto ua la mgomba likining'inia. Chozi watakuja wenyewe.

Kama hayo yote yako sawa, angalieni kama kihori kinabembea. Dumu tupu la lita tatu ni jepesi, upepo hulichezesha, na ndege hapendi kutua kwenye kitu kinachozunguka. Jiwe dogo ndani yake, au kamba mbili badala ya moja, hulituliza. Angalieni pia kama dirisha mlilokata ni dogo kiasi kwamba chakula hakionekani kutoka nje. Lipanueni lifike upana wa kiganja cha mtu mzima.

Mwisho, mapambo. Msichana mmoja alikipamba kihori chake kwa utepe wa kaseti, ukimetameta vizuri sana juani, na hakuna ndege aliyekisogelea kwa mwezi mzima. Ni utepe ule ule ambao wakulima wetu huufunga kwenye mashamba ya mpunga kuamia ndege. Tulipouondoa, shomoro wakaja ndani ya wiki.

Nafaka imelowa, imeota au inanuka

Hii ndiyo dalili ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote, na huongezeka misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba.

Mpwa wangu wa miaka saba alinishika mkono asubuhi moja, twende tukaone "bustani" iliyoota ndani ya dumu lake. Alikuwa amelijaza ulezi nusu nzima, ili ndege wasipungukiwe akienda kwa bibi yake. Juu kulikuwa na machipukizi ya kijani, membamba kama sindano, yamesimama kwa mamia. Nilipoyasukuma kwa kijiti, chini yake ulezi ulikuwa donge moja la kijivu, lenye joto, na harufu iliyopanda ilikuwa ya malwa, pombe yetu ya ulezi, ile ile ya chungu wanachokizunguka wazee kwa mirija yao jioni. "Shangazi," akaniuliza, "ndege watalewa?" Nikamwambia hapana, wataumwa. Tukachimba shimo nyuma ya migomba, tukalifukia donge lote.

Sababu kubwa ni ile ile: kingi mno. Kiganja kimoja huliwa kabla mvua ya mchana haijanyesha. Nusu dumu hukaa siku kumi na kunywa kila tone.

Baada ya hapo chunguzeni matundu ya kutolea maji. Dumu au chupa isiyo na matundu chini ni sufuria. Toboeni sita hadi nane kwa sindano nene au msumari mwembamba uliopashwa moto. Kazi hii ni ya mtu mzima, ifanyike nje, kwa koleo, na moshi wa plastiki usivutwe. Punje ya ulezi ni ndogo, tundu la msumari wa inchi tatu litaimwaga yote, kwa hiyo anzeni na matundu madogo, au tandikeni ndani kipande cha wavu wa waya wa madirishani. Msitumie chandarua kikuukuu cha kitandani. Vyandarua vingi tulivyogawiwa vimetiwa dawa ya kuulia mbu, na dawa hiyo haipaswi kugusana na chakula cha kiumbe chochote.

Kisha paa. Mvua zetu huja na upepo, haziangukii wima. Dirisha la kihori lielekee upande ambao mvua haitokei, nanyi wenyeji mnaujua upande huo vizuri. Sahani ya plastiki iliyotobolewa katikati na kupitishwa kwenye kamba juu ya kihori hutosha kuwa paa.

Kwa maoni yangu, chombo kinachoshinda vyote hapa ni ungo mkuukuu. Ufungeni kamba tatu za katani, uning'inie kama mizani. Maji hupita, hewa hupita, jua hukausha, na chakula kinaonekana kutoka mbali. Hautadumu zaidi ya misimu miwili, lakini haukatwi kwa kisu wala hautobolewi kwa moto, kwa hiyo hata mtoto wa miaka minne anaweza kuutengeneza kwa mikono yake.

Onyo la ukungu. Nafaka au karanga zilizoota ukungu, za kijani, nyeusi au kijivu, zinaweza kuwa na sumukuvu. Mahindi na karanga ndizo huathirika zaidi. Sumu hiyo haiondoki kwa kuanikwa juani wala kwa kuoshwa, na huua ndege, hudhuru kuku, hudhuru watu. Msizikaushe mkazirudisha, msiwamwagie kuku, msimruhusu mtoto kunusa. Zifukieni. Na kuna jambo linaloniumiza kila nikilisikia: mzazi kwenda sokoni kununua karanga zilizochambuliwa kama mbovu, za bei ya chini, "kwa sababu ni za ndege tu." Karanga usiyoweza kumpa mwanao, usimpe ndege.

Kihori kilicholowa na kunuka husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha hulowekwa dakika kumi katika maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo tisa vya maji. Suuzeni sana, anikeni juani mpaka kikauke kabisa. Wakati wa mvua fanyeni hivyo kila wiki, kiangazi kila baada ya wiki mbili. Ungo uliooza hausafishwi, huchomwa.

Kimejaa wadudu

Sisimizi kwanza. Huja kwa sababu ya kitu kitamu au chenye mafuta: tunda lililobaki, karanga za kusaga. Ondoeni tunda kila jioni, nusu ya tatizo itaisha. Watu wengi hupaka kamba grisi. Msifanye hivyo, grisi ikishika manyoya ya ndege haitoki, na ndege mwenye manyoya yaliyogandamana hawezi kuruka vizuri wala kujikinga na baridi ya mvua. Kwa sababu hiyo hiyo nimeacha kabisa kupaka siagi ya karanga kwenye magunzi kama maelekezo ya nchi za baridi yanavyosema. Kwa jua letu huyeyuka kufikia saa 5 asubuhi na kudondoka.

Dawa yake ni maji. Kateni kichwa cha chupa ndogo ya soda, toboeni kifuniko, pitisheni waya wa kutundikia katikati, zibeni tundu kwa nta ya mshumaa, kisha jazeni maji. Kikombe hicho kikae kwenye waya, juu ya kihori, mdomo mpana ukitazama juu. Sisimizi hawavuki. Maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili kwa wiki, la sivyo mtakuwa mnafuga mbu.

Siafu ni habari nyingine. Msafara wa siafu ukipanda mti, acheni kila kitu. Msijaribu kuokoa kihori. Ondoeni watoto wadogo, fungulieni kuku na mbuzi waliofungwa karibu, subirini wapite.

Nyigu hupenda kujenga chini ya paa la kihori kisichotumika. Mkikuta kijumba kidogo chenye nyigu mmoja au wawili, mtu mzima anaweza kukiangusha jioni kwa mti mrefu. Kikiwa kikubwa, acheni.

Nyuki wachache kwenye papai lililoiva si hatari kubwa. Ondoeni tunda, wataondoka. Lakini nyuki wetu wakichokozwa hushambulia kwa kundi. Mkiona wameanza kuingia na kutoka ndani ya dumu kana kwamba ni mzinga, simameni hapo. Msipige moshi, msimwage maji ya moto, msirushe jiwe. Wafungieni watoto ndani na mwiteni mfuga nyuki. Karibu kila gombolola ina mtu wa kazi hiyo, na mara nyingi atafurahi kuwachukua. Mtoto aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso na kupumua kwa shida hata baada ya mwiba mmoja, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kimeanguka, kimepasuka au kamba imekatika

Plastiki ikikaa juani hukauka na kuwa kama ganda la yai. Chupa nyembamba za maji hudumu miezi michache tu, dumu la njano la mafuta hudumu zaidi. Bonyezeni ukingo kwa kidole: ukilia na kufanya ufa, kihori kimekwisha, kateni kingine. Boksi za maziwa za karatasi zinapendeza kupakwa rangi, ila mvua mbili tu zinazimaliza.

Kamba nazo zina sababu zake. Katani hukatika baada ya kuoza, na hilo huonekana mapema kwa kulegea nyuzi. Naironi haiozi, ndiyo sababu watu huipenda, lakini uzi mwembamba wa naironi ukiachwa na vitanzi unaweza kumnasa ndege mguu. Nimeshamkata shomoro mmoja kutoka kwenye uzi wa tiara ambao mtoto alitundikia kihori. Alikuwa amejizungusha mpaka mguu ukawa mweusi. Tumieni kamba nene, kateni ncha zote zinazoning'inia, na waya mkiutumia, pindeni ncha zake ndani.

Kingo zilizokatwa kwa kisu hukata vidole vya watoto. Pitisheni ukingo haraka juu ya mwali wa mshumaa uwe butu, au uvisheni utepe wa gundi. Kukata ni kwa mzazi. Kupaka rangi, kupima na kufunga mafundo ni kwa mtoto. Akijikata kwa bati au msumari wenye kutu, osheni kwa maji na sabuni, kisha mpelekeni kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Na msitundike chochote kwenye nguzo ya umeme, wala kwenye mti ambao matawi yake yanagusa waya. Kihori kikikwama juu ya waya, kimepotea. Asipande mtu, asinyooshe mtu fimbo. Waarifuni watu wa umeme.

Kuku, panya, kunguru, tumbili na paka

Kuku wako kwenye kila uwanja, na watasimama chini ya kihori wakiokota kinachodondoka. Tatizo lake si uchoyo wa kuku. Ndege wa porini na kuku wakila na kunya mahali pamoja hubadilishana magonjwa, na mdondo ukiingia bandani unaweza kumaliza kundi zima ambalo ndiyo karo ya shule. Kihori kiwe mbali na banda na mbali na maji ya kunywa ya kuku. Sahani pana chini ya kihori hukusanya makombo. Kama kuku wanazunguka uwanja mzima na hakuna pa kuwazuia, bora kihori kipelekwe shuleni au kwa jirani asiyefuga.

Panya huja usiku kwa kilichobaki. Kiganja kimoja, toeni jioni, fagieni chini: wiki moja, wamehama. Msitege sumu ya panya karibu na kihori, maana ndege na watoto hufika kabla ya panya. Penye panya nyoka naye hufuata. Mkimwona nyoka, rudini nyuma, wakusanyeni watoto, mwiteni mwenye ujuzi. Msimtafute kwa panga.

Kunguru, mwewe na kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, huvutwa na mabaki ya jikoni: nyama, samaki, posho (ugali), mkate. Visiwekwe kabisa. Posho huchachuka ndani ya siku moja na haimfai ndege mdogo.

Wenye tumbili, kama jamaa zetu wa Entebbe, watajua kwamba hakuna fundo asilolifungua tumbili. Vueni kihori kwa wiki mbili au tatu, asahau njia. Mtoto asimpe tumbili chakula kwa mkono, asimtishe, wala asimtazame machoni kwa kumkabili. Tumbili anayenyang'anya watoto au kuingia ndani ni wa kuripotiwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Paka: rudini kwenye umbali wa kichaka na kimo cha kihori. Akiendelea kukamata ndege, vueni.

Ndege anajigonga kwenye kioo

Huona mti ndani ya kioo akidhani ni mti wa kweli. Ama kihori kiwe karibu sana na dirisha, chini ya mita moja, ili asipate mwendo wa kuumia, ama kiwe mbali, zaidi ya mita kumi. Watoto wachore kwa sabuni upande wa nje wa kioo mistari iliyo karibu karibu. Aliyezimia awekwe kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza na kimya, bila maji wala chakula kinywani, kwa saa moja, kisha afunguliwe nje. Asifugwe.

Ndege amevimba manyoya, analala, au amekufa

Hapa sibembelezi. Ndege mmoja aliyejikunyata, manyoya yamevimba, macho yamefumba nusu, haruki hata ukimkaribia: huyo ni mgonjwa. Vueni kihori siku hiyo, kiosheni kwa klorini, kikae ndani wiki mbili ili kundi litawanyike. Sababu ya kawaida ni uchafu, kinyesi kilichochanganyika na chakula. Ya pili ni ukungu tuliousema. Ya tatu ni sumu, na hii watu hawaifikirii.

Mbegu za mahindi zinazouzwa kwa ajili ya kupanda, zenye rangi nyekundu, waridi, bluu au kijani, zimepakwa dawa. Rangi hiyo ni onyo. Mwisho wa kupanda hubaki kidogo mfukoni, mtoto huziona ni nzuri, huzimimina kwenye kihori. Zinaweza kuua ndege, na mtoto aliyezishika akilamba vidole yuko hatarini yeye mwenyewe. Vivyo hivyo dumu lililobeba dawa ya shamba: hata lioshwe mara kumi, halifai kuwa kihori. Chagueni dumu la mafuta ya kula au la maji tu. Mtoto akitapika, akitoa mate mengi au akitetemeka baada ya kushika mbegu au dumu la namna hiyo, mkimbizeni kituo cha afya, mkibeba kifungashio ili daktari aone jina la dawa.

Mkikuta ndege wawili au zaidi wamekufa siku chache mfululizo, au kuku nao wameanza kufa, msiwaguse na msiwape mbwa. Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini kando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe, na yakafika mpaka kwa ndege wa kufugwa. Kwa hiyo afisa mifugo wa wilaya hatakuona mjinga ukimpigia kwa sababu ya shomoro. Kama humfahamu, anza na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Watoto wakae ndani mpaka mtu mzima afunike mahali hapo kwa beseni na kuweka jiwe juu.

Siku za kawaida, sheria ni moja: aliyegusa kihori ananawa kwa sabuni kabla hajagusa chochote kingine. Na watoto wa chini ya miaka mitano wasiachwe peke yao na karanga kavu, hukwama kooni.

Mtoto amekichoka kihori

Wazazi hunieleza hili kwa aibu kidogo, na hakuna aibu. Mara nyingi mtoto alipewa kihori bila kupewa kazi. Mpe daftari la mistari na kalamu moja: kila asubuhi aandike nani alikuja. Kama hajui kuandika, achore. Mvulana mmoja wa darasa la kwanza hajui majina ya ndege, lakini kwa wiki sita alichora "yule wa manjano mwenye uso mweusi," na siku moja akagundua peke yake kwamba mnana huyo hakuja kula tu. Alikuwa akichana vipande virefu vya jani la mgomba, akienda navyo. Tulimfuata kwa macho mpaka mti wa jirani, tukakuta viota kumi na vinane vikining'inia. Alivihesabu mara tatu.

Jirani mkulima analalamika

Msimpuuze. Mwenye shamba la mpunga, mtama au ulezi hupoteza sehemu ya mavuno kwa ndege, na hulipa vijana, au huamka yeye mwenyewe alfajiri, kwenda kuamia. Kwake yeye kihori chako ni kama kumwita mwizi kijijini. Kiganja kimoja cha ulezi hakiwezi kuleta kundi la ndege shambani, lakini ukijaza dumu kila siku, lalamiko lake ni la haki.

Kuanzia punje zinapoanza kujaa maziwa mpaka zivunwe, vueni vihori vyote vilivyo karibu na shamba. Mzee mmoja wa mtaa wetu alikuja kwangu na mashuke matatu ya mtama yaliyonyofolewa, akayaweka mezani bila kusema neno. Watoto waliyaona. Jumamosi iliyofuata walikuwa shambani kwake tangu saa 12:30 asubuhi na makopo na vijiti, wakiamia ndege wale wale waliokuwa wakiwachora, na wakaendelea kwa wiki nne. Alipovuna alituletea bakuli la mtama, akasema ni la kihori. Tukakitundika tena kwenye msumari ule ule, kiganja kimoja kila asubuhi.